Seli huchakaa, hukongoka au huzeeka?

SWALI: Ninaandika makala ya afya. Sentensi yangu ilisema, "Seli zilizochakaa huzuia kinga ya mwili kupambana na saratani." Mhariri amefuta "zilizochakaa" akaweka "kongwe". Nani yuko sahihi?

JIBU: Mhariri ana haki ya kulikataa neno lako, ila lake nalo halifai. Andika "zilizozeeka".

Kinachochakaa ni kitu kilichotumika hadi kikaishiwa: nguo, viatu, gari. Hata mtu akiambiwa amechakaa, huumia, kwa kuwa ameambiwa hana tena la kutoa. Msomaji wako atadhani seli hizo zimekaa bure. Mwaka 1961 watafiti Leonard Hayflick na Paul Moorhead walionyesha kwamba seli za kawaida za binadamu zikikuzwa maabara hugawanyika mara 50 hivi, kisha hukoma. Kukoma huko si kufa. Seli iliyozeeka ingali hai, na tena inamwaga kemikali nyingi, zikiwemo za jamii ya interlukini (protini ambazo seli za kinga hupashana habari kwazo), zinazogusa seli jirani na kuziita seli za kinga.

"Kongwe" nalo linahesabu miaka, na lina heshima ndani yake: mchezaji mkongwe, mwandishi mkongwe. Seli haihitaji miaka. Mionzi, baadhi ya dawa za saratani, au jeni inayoisukuma kuelekea saratani inaweza kuizeesha katika siku chache. Kiswahili kinalijua hilo: tunasema "amezeeka mapema" na kila mtu akaelewa. Jaribu kusema "amekuwa mkongwe mapema" uone inavyokwama.

Kuhusu saratani au kansa sina ugomvi. Chagua moja ushikamane nayo.

Mimi kilichonishtua zaidi ni "huzuia". Kiambishi hu- hutaja jambo la kawaida, la siku zote, nawe umelifunga upande mmoja jambo lenye pande mbili. Seli inayoelekea kuharibika ikizeeka, inaacha kugawanyika, na hiyo ni breki dhidi ya saratani. Kemikali zake huita seli za kinga, nazo zikija huiondoa. Hapo imeisaidia kinga! Balaa huja seli hizo zikirundikana bila kuondolewa: wito uleule usiokatika huweza kuvuta seli zinazoituliza kinga badala ya kuiamsha, na saratani ikapata nafasi ya kukua.

Wito huo usiokatika huiweka kinga katika hali ya kuwaka bila kutulia; ukifika hapo, jihadhari na neno "uvimbe". Katika makala ya saratani, msomaji ataliona kama donge lenyewe la ugonjwa. Sema "mchochota", neno ambalo waandishi wa tiba wanalo tayari, ili donge libaki na jina lake.

Tena taja ni seli za nani zilizozeeka, kwa kuwa seli za kinga nazo huzeeka, na hapo habari inakuwa nyingine: askari wenyewe ndio waliopungukiwa nguvu.

Sentensi yako ningeiandika hivi: "Seli za mwili zilizozeeka, zisipoondolewa mapema, huweza kuidhoofisha kinga inapopambana na saratani." Imerefuka kidogo, lakini daktari akiisoma hatakuwa na la kukusahihisha.