Kama Jumapili zako ni ndefu, tazama ndege

Watu wengi wanaoishi peke yao mjini hawasemi kwamba wana upweke. Wanasema wikiendi inawachosha kuliko kazi. Ukiwauliza wameshindaje, jibu ni simu: video fupi moja baada ya nyingine mpaka bando limekata, kisha usingizi wa mchana unaomwamsha mtu na kichwa kizito. Maisha hayo nayajua. Nimepanga chumba na sebule Kimara, Dar es Salaam, ndugu zangu wako mbali, na Jumapili nikishafua na kupika, mchana wote uliobaki ni wangu peke yangu.

Ushauri tunaopewa watu wa aina yetu unafanana. Jiunge na jimu, jifunze gitaa, oka keki, fuga kuku. Yote ni mambo mema, ila kila kimoja kinadai kitu kabla hakijakupa kitu. Kinadai mtaji, au mwalimu, au vyombo vya kuosha baadaye. Mtu aliyepigania mabasi ya mwendokasi siku tano mfululizo hana nguvu za kuanza mradi mwingine, na ndiyo maana magitaa mengi yanaishia uvunguni. Kwa hiyo mimi nikiulizwa hujibu kitu kimoja tu: kaa kibarazani utazame ndege. Hununui kitu, hujiungi popote, hupangi ratiba. Ukishakaa, umeshaanza.

Najua wazo linalokuja haraka: ndege ni mambo ya watalii, na wapo mbugani. Tanzania ina aina zaidi ya 1,100 za ndege, na si wote wanaishi Serengeti. Hata mtaa uliobanana nyumba kwa nyumba, wenye mwembe mmoja na mnazi mmoja nyuma ya duka, una ndege wa kukutosha mwaka mzima. Tatizo ni kwamba tumezoea kuwapita.

Anza na yule unayedhani umeshamjua: kunguru. Mtazame shingo. Huyu anayepekua jalala letu Dar ana shingo ya kijivu, na si mwenyeji. Ni kunguru wa India, aliyeletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili ale taka. Akazaliana, akavuka bahari, akaenea pwani yote. Kunguru wetu wa asili ana kifua cheupe, na mjini hapa kumwona ni shida. Nenda bara, kwa mfano Dodoma, ndiye utakayemkuta. Kunguru wa India hula mayai na makinda ya ndege wadogo, na mwaka 2024 serikali ya Kenya ilitangaza mpango wa kuwaua milioni moja kwa sababu ya uharibifu wao. Haya niliyasoma baadaye. Kwanza niliyaona kwa macho: shore wawili, ndege wadogo wenye kishungi, wakimfukuza kunguru kutoka kwenye mti kwa kelele ambazo kabla ya hapo nilikuwa nazisikia kila siku nikidhani ni kelele tu. Tangu siku hiyo nikisikia kelele za namna hiyo najua pana kiota karibu.

Ndege aliyenishika kabisa lakini ni chozi. Ukiwa na ua lolote karibu, hata la mgomba au la mpapai, unaye. Ni mdogo kupita shomoro, mdomo wake mwembamba umepinda kama sindano ya kushonea magunia, na kazi yake ni kunyonya utamu wa maua. Dume jua likimpiga anang'aa kijani, akigeuka anakuwa zambarau. Jike hana mapambo hayo, ni wa rangi ya udongo, na watu wengi hawajui kwamba ni ndege yuleyule. Basi huyo jike ndiye anayejenga.

Dirisha langu la sebuleni lina nondo, na kwenye pembe ya juu buibui alikuwa ametandaza utando ambao nilikuwa nimepanga kuuondoa. Asubuhi moja nikiwa na chai yangu nikaona chozi jike amening'inia hewani mbele ya nondo, mbawa zinakwenda kasi hata hazionekani. Akauma utando, akarudi nyuma kidogo, uzi ukanyooka, ukakatika, akaenda nao. Baada ya muda akarudi. Nilimfuata kwa macho mpaka kwenye bogenvilia la jirani, na hapo nikaona kitu ambacho ningeapa ni takataka zilizonaswa na upepo: majani makavu, vipande vya magome, nyuzi, vyote vimefungwa kwa utando wa buibui na kuning'inia kwenye kitawi. Mlango ulikuwa ubavuni, kwa juu, na juu ya mlango kuna kipaa kidogo cha kuzuia mvua. Utando wa buibui unavutika, kwa hiyo makinda wakikua kiota nacho kinatanuka. Dume alikuwa akija, anaimba, anaondoka. Sikumwona amebeba hata unyasi mmoja. Utando wa dirishani sikuuondoa tena mpaka makinda walipotoka.

Kwa mnana mambo ni kinyume. Hawa ni wale ndege wa manjano wanaojaza viota kwenye minazi na migunga. Hapo dume ndiye fundi. Anatua ukingoni mwa jani la mnazi, anakata kidogo kwa mdomo, anashika, kisha anaruka, na kwa kule kuruka ndiko anachana ukamba mrefu wa kijani. Anausuka ungali mbichi. Jike huja kukagua, anaingia, anavutavuta ndani. Asiporidhika anaondoka, na kiota kilichokataliwa mara nyingi kinabomolewa na fundi mwenyewe ili aanze upya. Ukipata mnazi wenye mnana karibu na unapokaa, nakuhakikishia hutakumbuka simu iko wapi.

Sasa namna ya kufanya, maana nimesema ni rahisi na nataka ibaki rahisi. Wakati mzuri ni kuanzia saa kumi na mbili na nusu hadi saa mbili asubuhi, na tena kuanzia saa kumi alasiri mpaka karibu na magharibi. Mchana wa jua kali ndege wengi wanajificha na wananyamaza, usijilazimishe. Kaa mahali palepale kila mara. Ndege wanazoea mtu anayekaa palepale bila kurukaruka, na wewe pia unazoea: unajua tawi lipi hutuliwa, waya upi ni wa nani. Simu iache ndani, angalau mwanzoni. Ukikaa nayo mkononi utainama kila dakika, na chozi hakungojei uinue kichwa.

Weka maji. Hiki ndicho kitu kimoja ninachosisitiza kuliko vyote, kwa sababu kinawaleta ndege kwako badala ya wewe kuwafuata. Kigae cha chungu kilichovunjika kinatosha, au sahani pana ya kuwekea chungu cha maua. Kina cha maji kisizidi pingili moja ya kidole, weka na jiwe katikati la kukanyagia, na kikae mahali ambapo paka hawezi kujificha karibu. Maji uyamwage na kubadilisha kila siku, bila kukosa. Sisi wa Dar tuliona mlipuko wa dengue mwaka 2019, na mbu wanaoieneza wanataga kwenye maji kidogo ya namna hiyohiyo. Chakula sishauri. Wali na makombo ya ugali vinaita kunguru mchana na panya usiku, na jirani mwenye nyumba hatakuelewa.

Chukua daftari la shule, lile la bei ya chini kabisa, na kalamu. Usiandike orodha ya kushindana na mtu. Andika tarehe, saa, na kile alichokifanya ndege, hata kama jina lake hulijui. Mimi nina ndege niliyemwandika "mwenye nyusi nyeupe" kwa miezi mingi kabla ya kupata jina lake, na nilimfahamu vizuri tu bila jina. Darubini si lazima. Ni ghali, na anayeishi karibu na kambi ya jeshi au nyumba za serikali asithubutu kuielekeza huko. Hata kwa majirani, mtu mwenye darubini dirishani ni tatizo. Macho yako yanatosha kwa ndege wa umbali wa mwembe. Ukitaka msaada wa majina, kuna programu ya bure inayoitwa Merlin, ya Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani. Ipakue palipo na Wi-Fi pamoja na kifurushi cha ndege wa ukanda wetu, maana ni kizito, na baada ya hapo inafanya kazi bila bando.

Lakini kabla ya programu, piga simu nyumbani. Wazee wetu wanajua ndege kuliko tunavyodhani. Mama yangu alipojua ninachofanya siku za Jumapili alianza kunieleza mambo ambayo hakuwahi kuniambia nikiwa mtoto: ndege gani alikuwa akiwafukuza mashambani mpunga ukiiva, yupi hachinjwi, yupi akilia wanaharakisha kuanua mahindi. Aliniambia nisikilize dudumizi. Huyo ni ndege mkubwa wa kahawia, mvivu wa kuruka, anayejificha vichakani, na sauti yake inashuka du-du-du-du kama maji yanayomiminwa kutoka kwenye mtungi. Wengi wanaamini akilia mvua i karibu. Mimi naandika tu kila ninapomsikia, na siku ya pili naandika kama imenyesha. Simu zetu na mama zilikuwa za salamu na pesa ya matumizi. Sasa tunaongea kwa muda mrefu.

Kuna jambo lazima niliseme kuhusu bundi. Ukianza kukaa nje jioni utamwona, pengine yule mwenye uso mweupe anayelala kwenye dari za nyumba na makanisa. Majirani watasema ni uchuro, na vijana wataokota mawe. Nakuomba usiokote, na ukiweza wazuie. Chakula chake kikubwa ni panya, na mtaa wowote wenye jalala unamhitaji. Siwalaumu wazee kwa hofu waliyorithi, lakini bundi aliyeuawa kwa mawe mbele ya watoto ni jambo linaloniuma, na nimelizungumza na watoto wa jirani bila kuwatisha. Tulitafuta chini ya mti vile vidonge vya manyoya na mifupa anavyovitema, tukavipasua kwa kijiti, tukakuta ndani fuvu dogo la panya lenye meno yake yote. Watoto wenyewe ndio waliowaeleza wenzao.

Na tafadhali usiende sokoni kununua ndege wa kufungia tunduni eti akuliwaze. Furaha ya jambo hili inatoka kwa kiumbe asiyekuhitaji, ambaye angeweza kwenda popote na leo amekuja kwako.

Hutakuwa na hamu kila wiki. Kuna Jumapili utalala mpaka saa nne, kuna miezi daftari litakaa kabatini, na hakuna kitakachoharibika: hakuna ada iliyopotea wala mmea uliokauka. Ukirudi utawakuta. Pengine utakuta wageni, maana ndege nao wana misimu yao.

Kama unasoma haya kuanzia mwezi wa tisa hivi, anza kuangalia nyaya za umeme. Mbayuwayu wanafika kipindi hicho kutoka Ulaya na Asia, wakiwa wamevuka jangwa, na uzito wa mmoja ni kama gramu 20 tu. Mgongo wake ni buluu ya kuiva, koo jekundu kahawia, mkia umegawanyika pande mbili. Usimchanganye na teleka, ambao tunao mwaka mzima na wanafanana naye angani. Njia ya kuwatofautisha ni rahisi: teleka hatui kwenye waya, miguu yake haiwezi. Wale wadogo wembamba wanaozungukazunguka mnazi jioni ni teleka wa minazini. Wanagandisha viota vyao kwenye majani kwa mate, na mayai pia yanagandishwa yasianguke mnazi ukiyumba. Mbayuwayu yeye atajipanga wayani na wenzake, akijisafisha manyoya. Andika tarehe ya kwanza uliyomwona. Ataondoka kati ya mwezi wa tatu na wa nne, andika na hiyo, ili mwakani uwe na kitu cha kulinganisha.