Kabla Hujapaka Chokaa Kaburi la Babu

Vijana wengi hunijia na swali lilelile: babu alikwenda Keya, yaani jeshi la Mwingereza la KAR, hakurudi, tutampata wapi? Wameshaandika jina lake kwenye simu, wamehangaika usiku kucha, hawajaambulia kitu. Wewe unayeanza kazi hii, simu iweke mfukoni kwanza. Nenda kwa bibi.

Huku kwetu kusini mwa Tanzania, kuanzia Newala mpaka Nachingwea, mtu mmoja alikuwa na majina matatu bila ajabu yoyote. La utotoni, alilotoka nalo jandoni, na la kusilimu au kubatizwa. Karani wa jeshi aliandika aliloambiwa siku ile, tena kwa sikio lake. Mtu aliyejitaja Lashidi anaweza kuwa Rashidi kitabuni, na Bakali akawa Bakari. Kusanya majina yote, na jina la baba yake na kijiji alichotokea, ndipo utafute.

Halafu muulize mjomba. Hapa wengi wanakwama. Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua walihesabu ukoo kwa upande wa mama, nawe unakuja na jina la ukoo la kwenye cheti cha kuzaliwa, ukifuata baba, baba, baba. Yule mzee huenda alizikwa kwa wajomba zake, kijiji cha tatu kutoka mnapoishi, na watu wa kule wanamjua vizuri sana.

Usimuulize mzee mwaka. Atakutajia wowote ili akuridhishe. Muulize babu aliingia jandoni na nani, maana waliotahiriwa pamoja hawasahauliani. Uliza kama ilikuwa vita vya Mjerumani au vya Hitla, kabla au baada ya karanga za Nachingwea, ule mradi mkubwa wa Waingereza. Mradi ule ulianza 1947, kwa hiyo umeshapata kigingi cha kufungia kamba. Niliwahi kuletewa habari za mzee aliyesemekana alipigana Mahiwa na Burma pia. Mahiwa, jirani na Nyangao, walipigana Oktoba 1917. Burma ni 1944. Tulipofuata rika lake la jando tukagundua ni watu wawili, mjomba na mpwa wake aliyerithi jina.

Ukishakuwa na hayo, toa simu. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina orodha ya majina kwenye intaneti, haina malipo. Waliofia Burma bila kaburi kujulikana wameandikwa kwenye mnara ulioko makaburi ya Taukkyan. Waliozama na meli ya Khedive Ismail, 12 Februari 1944, wako kwenye mnara wa Nairobi. Ila kama babu yako alikuwa mpagazi wa vita vya kwanza, jiandae. Wengi wao hawakuandikwa majina popote, na Tume yenyewe ilikiri mwaka 2021 kwamba Waafrika hawakuenziwa sawa na wengine. Kwa hao utabaki na midomo ya wazee tu. Waliofia Msumbiji wakiwa na jeshi letu ni habari nyingine: anzia makaburi ya mashujaa ya Naliendele.

Sasa kaburi lenyewe. Operesheni Vijiji ya miaka ya sabini ilihamisha watu, makaburi yakabaki kwenye mahame. Tafuta miembe mikubwa katikati ya pori, au shamba la mikorosho lenye kisehemu ambacho mwenyewe hakilimi. Nenda kiangazi, majani yakiwa yamelala, na usiende alfajiri wakati watu wanapuliza salfa, dawa ya mikorosho. Utarudi na macho mekundu na mwenye shamba kanuna. Pitia kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji, kisha kwa mzee wa eneo. Wakitaka kuweka unga penye msolo, mti wa tambiko, kabla ya kuingia, waache waweke. Wakitaka fatiha, inua mikono.

Mimi haya nilijifunza kwa aibu. Mwaka wangu wa kwanza nilionyeshwa kaburi lenye mawe na mshubiri, nikaambiwa na kijana mmoja kuwa ndilo la babu mzaa mama. Sikuuliza mtu wa pili. Nikanunua simenti, nikajengea, nikapaka chokaa, nikaandika jina kwa msumari kabla haijakauka. Miezi miwili baadaye akaja mama mmoja mtu mzima, kakaa mbele ya kaburi ananitazama. "Mwanangu," akasema, "huyu ni dada yangu."

Babu yangu alikuwa hatua tisa upande wa mashariki, chini ya mwembe, bila jiwe hata moja. Jina nilisugua kwa tindo siku nzima. Simenti yule mama alikataa nisiivunje, kwa hiyo nikienda kupalilia kila Agosti naanza na la dada yake.