Mota inawaka nikishika stopu tu, nimekosea wapi kwenye PLC?

Swali: Habari fundi. Mimi ni fundi umeme, sta-delta (ule mfumo wa kuwasha mota kubwa kwa hatua mbili) nafunga mwaka wa sita huu, ila kazini wameanza kuleta PLC (kompyuta ndogo ya kuendesha mitambo) nikaona bora nijifunze. Nimeandika stati na stopu ya mota kwenye S7-1200 (PLC ya Siemens), kwenye simuleta inakubali vizuri, nikaunganisha batani za kweli mota haiwaki. Inawaka nikishikilia stopu huku nabonyeza stati, nikiachia stopu inazima. Waya nimepima zote ziko sawa.

Jibu: Salama kaka. Waya zako sina wasiwasi nazo, shida ni ulivyoichora stopu. Batani yako ni NC (isipoguswa inapitisha umeme, ukiminya inakata) kama tulivyozoea kwenye paneli, na kwenye lada (programu ya PLC inayochorwa kama mchoro wa umeme) nayo ukaichora NC, ile alama yenye mkwaju (/) katikati. Sisi tuliotoka kwenye kontakta (swichi ya sumaku inayowasha mota) wengi tunanasa hapo kwa sababu macho yamezoea kwamba mchoro ndo waya wenyewe.

PLC haijui batani. Inachojua ni kwamba pale I0.1 (inputi ulikofunga stopu) kuna volti 24 au hakuna, zikiwepo inaandika 1, zisipokuwepo 0, basi. Stopu isipoguswa inapitisha umeme kwa hiyo I0.1 ni 1 muda wote, na ile alama ya NC maana yake "pitisha kama ni 0", sasa mstari wako umeshakatika hata kabla hujagusa stati. Ukiminya stopu inakuwa 0, mstari unapita. Kwenye simuleta ilikubali kwa sababu inputi zilianza zote na 0 na wewe hukuiweka I0.1 kuwa 1.

Kwenye lada chora stopu kama NO (alama isiyo na mkwaju, maana yake "pitisha kama ni 1"), batani yenyewe ibaki NC. Yaani I0.0 ya stati, sambamba nayo Q0.0, yaani autiputi ya mota (hiyo ndo ile kontakti 13-14 ya kontakta yako ya kujishikilia), halafu kwa mfululizo I0.1, mwisho koili Q0.0 (koili ndo alama ya kuwasha autiputi).

Atakuja mtu akwambie badilisha batani iwe NO (inapitisha umeme ukiminya tu) uache programu ilivyo. Usikubali, nakuomba sana. Waya wa stopu ukikatika PLC itaona 0 na kuchukulia hakuna aliyeminya, utabonyeza mpaka uchoke mota inazunguka tu na mwenzako mkono umenaswa kwenye mkanda. Ukiwa na NC waya ukikatika mota inasimama yenyewe. Ovalodi (kinga ya mota isizidiwe na mzigo) nayo, ile kontakti yake ya NC 95-96, hivyohivyo. Na ile stopu ya dharura isitegemee programu hata siku moja, ikate umeme wa koili ya kontakta kwa waya.

Kingine kitakachokusumbua mbele: PLC inasoma inputi zote kwanza, inapita programu juu mpaka chini, ndo inatoa autiputi, halafu inarudia, milisekunde chache tu. Kwa hiyo ukiandika koili ya Q0.0 sehemu mbili ya chini ndo inashinda, utaona mstari wa juu kijani kwenye skrini na mota imelala.

Ukimaliza hapo chukua sta-delta yako hiyohiyo uiandike kwa taima ya TON (inayochelewesha kuwasha), na zile kontakti za NC za kuzuiana kati ya sta na delta zisiwake pamoja ziache kwenye waya pia hata kama umeshaziandika kwenye programu, maana PLC inabadilisha autiputi zote mbili kwa mzunguko mmoja wakati kontakta ya sta bado haijaachia, na hapo ni shoti.