Bakuli la kijani linalowaka kwenye tochi: usikimbilie bei ya eBay

Mkuu uliyenunua bakuli la kioo la kijani kwenye duka la mitumba, na wewe mdau uliyemwambia likiwaka kwenye tochi ya UV (mwanga wa urujuanimno) basi katoka kimaisha maana eBay, lile soko la mtandaoni, kuna mtu anauza dola 400, ngoja niseme kidogo. Niko Ohio, Marekani, hivi vyombo kwao ndio huku na mimi nanunua na kuuza.

Kuwaka kijani kikali maana yake kuna urani, yale madini yenye mionzi, ndani ya kioo, basi. Hakukwambii bei. Urani waliiweka kama rangi tu, na vya kijani vya miaka ya 1930 vinavyowaka vimejaa tele. Hata uzee haikuhakikishii, serikali ya Marekani iliwabana wenye viwanda wasitumie urani wakati wa vita ya pili ya dunia mpaka 1958, ila baada ya hapo vikatengenezwa vingine na leo vipya vipo sokoni. Halafu hizo tochi za bei chee za nanometa 395 (kipimo cha wimbi la mwanga) zinamwaga zambarau mpaka kila kitu unaona kinawaka, nunua ya 365, na hata hiyo jua kwamba kioo chenye manganizi nacho kinawaka kijani ila hafifu, watu wanauziwa hicho kama urani kila leo.

Kinacholeta hela ni nakshi, kwa maana ya jina la dizaini, halafu ni chombo gani kwenye hiyo dizaini, halafu rangi, halafu hali yake. Hivi vyombo vilitoka kwa mashine kipindi cha Mdororo Mkuu wa uchumi wa miaka ya 1930, vilikuwa rahisi kiasi kwamba vingine waligawa bure, unanunua boksi la uji wa Quaker Oats unakuta kikombe ndani, unaenda sinema unapewa sahani. Kwa hiyo sahani zipo kibao, mimi ya kawaida naiuza dola 5 mpaka 10 na nashukuru. Ila mifuniko sasa! Mifuniko ndiyo ilikuwa inavunjika, kwa hiyo mfuniko wa bakuli la siagi mara nyingi una hela kuliko kitako chake. Kuna dizaini ya kiwanda cha Hocking inaitwa Mayfair, bakuli la sukari la pinki unalipata bila shida ila mfuniko wake watu wazima wanatafuta miaka. Rangi nayo, ya kahawia ya asali inadoda, pinki na kijani zinatembea, bluu ya kobalti ndiyo wanagombania.

Feki sasa. Zipo tangu miaka ya 1970 na nyingine siyo feki kwa maana ya wizi, ni kiwanda chenyewe kimerudia. Dizaini ya Madrid ya kahawia ilitoka kwa kiwanda cha Federal cha hapa Columbus miaka ya 1930, wakairudia 1976 na kuweka alama ndogo ya '76, poa, Federal wakafunga, kiwanda kingine, Indiana Glass, wakachukua kalibu, wakaifuta ile alama na kuendelea kutoa hadi pinki na bluu. Hapo ndipo wengi wanapigwa. Jari la biskuti la Mayfair lishike kitako, la zamani lina duara la kalibu, la kurudia chini ni laini tu. Kwa ujumla nakshi ikiwa imefifia kama sabuni iliyotumika na kioo ni kizito kuliko kawaida, mimi narudisha rafuni. Vipovu na mistari midogo visikutishe, vya zamani vilikuwa hivyo, kazi ya mashine ya haraka.

Na yale maglasi mekundu ya Cape Cod ya kampuni ya vipodozi ya Avon mnayoyaona kila duka la mitumba, jamani, ni ya kuanzia 1975, yapo kama mchanga. Yananunulika kwa ajili ya Krismasi, usiyaweke kwenye hesabu ya kodi ya nyumba.

Hali: pitisha ukucha taratibu ukingo mzima, macho yanadanganya, kameguko kadogo tu na bei inakatika nusu au zaidi. Kilowanishe pia, ukungu ukipotea kikiwa na maji ukarudi kikikauka, hicho kimeliwa na mashine ya kuoshea vyombo na hakuna siki wala nini ya kukirudisha. Wauzaji wajanja wanapaka mafuta kuficha, nusa.

Bei ya eBay usiangalie anayeomba, chuja vilivyouzwa tayari. Huyo wa dola 400 anaweza kuomba mpaka Yesu arudi.

Ndani ya hilo bakuli usile kila siku, hasa vya ndimu, weka kabatini liwake. Tuwekee picha ya kitako na ya ukingo kwenye mwanga wa dirishani, siyo ya tochi, tutakutajia dizaini.