Hathi na hati: yule tembo wa maktaba katoka wapi?

SWALI: Mhariri shikamoo. Nikitafuta vitabu vya zamani vya tasnifu yangu nimekutana na maktaba ya kidijitali ya vyuo vya Marekani inaitwa HathiTrust. Mi nikajua ni hati yetu hii hii ya Kiswahili wamekosea spelingi tu, mwenzangu ananiambia eti ni tembo, na kweli logo yao ni tembo. Nani mkweli? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba. Mwenzako kashinda, ila na wewe hujapotea sana. Hathi ni Kihindi, ndo tembo huyo huyo, na wenye maktaba wanaitamka "hati" kabisa kama hati ya kiwanja, kwa hiyo ile th ya thamani iache. Hati yetu sisi imetoka kwenye Kiarabu, khatt, yaani mwandiko, hawana undugu wamegongana njiani tu. Hata mi mwanzoni nilidhani kama wewe.

Sasa kwa nini tembo? Mwaka 2008 vyuo vikuu vya kundi la Big Ten na vile vya University of California viliamua kuweka pamoja vitabu vyao vilivyoskaniwa, vingi viliskaniwa na Google, na makao yakawa University of Michigan kule Ann Arbor. Wakataka jina la mnyama anayesifika kwa kumbukumbu, busara na nguvu, maana kazi yenyewe ni kutunza visipotee, na trust tuseme ni amana. Leo wana zaidi ya juzuu milioni 17, nakala moja ipo Ann Arbor nyingine Indianapolis, tembo mmoja akilala mwingine yupo macho!

Ila kinachonifurahisha zaidi ni hiki, hathi asili yake ni Kisanskriti, hastin, maana yake mwenye mkono, na mkono wenyewe ni ule mkonga. Sasa we si unakula ndizi mkono wa tembo? Wahindi na sisi tumemtazama mnyama yule yule tukaona kitu kile kile.

Halafu usishangae ukifungua kitabu kikagoma, chenye hakimiliki bado mara nyingi utaambulia kutafuta neno na kupewa namba za kurasa lilipo, basi. Chama cha waandishi, Authors Guild, kiliwashtaki 2011, mahakama ya rufaa 2014 ikaona huko kutafuta neno hakuna kosa. Wewe anza na vya karne ya 19, vingi vinafunguka vyote.