Mchezo usiokula mtu

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza ni mchezo gani usio wa kwenye simu unaowakalisha watu pamoja nyumbani, na unawavutia kwa nini. Nimesita kidogo kujibu, maana mkaaji wa Kigoma anatarajiwa aseme bao, au drafti ya visoda chini ya mwembe. Kwetu Mwanga ni mchezo wa Kijerumani wenye kondoo ndani yake, na bingwa wake ni mama mkwe wangu.

Ulitufikia mwaka 2024, ziwa limefungwa. Kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 uvuvi wa Ziwa Tanganyika ulisimamishwa ili samaki wazaliane. Mimi hununua dagaa mwaloni Kibirizi na kuuza kwa jumla, na shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, ni mvuvi, kwa hiyo miezi mitatu tulibaki kuangaliana. Siku moja kijana wangu akarudi sokoni na boksi alilolinunua kwa muuza midoli ya mtumba, shilingi elfu nane. Nikamgombeza sana, maana elfu nane siku zile ilikuwa mboga ya siku tatu. Juu ya boksi pameandikwa Die Siedler von Catan, yaani Walowezi wa Catan. Kadi mbili za kondoo hazimo, kete ya jambazi, ambaye nitamweleza, haimo, na maelezo yote ni Kijerumani. Binti yangu wa kidato cha tatu alihangaika na intaneti siku mbili, akaja na sheria kwenye daftari lake, kwa Kiswahili chake mwenyewe.

Mchezo wenyewe ni kisiwa. Unakiunda kwa vipande 19 vyenye pembe sita: msitu wa mbao, malisho ya kondoo, shamba la ngano, udongo wa tofali, mlima wa chuma, na jangwa moja. Kila kipande, isipokuwa jangwa, kina namba. Unajenga kijiji kwenye kona ya vipande, dadu mbili zinatupwa, na namba ikiitika, waliojenga pembeni yake wote wanavuna kadi za zao lake, hata kama si zamu yao. Kwa mavuno hayo unajenga barabara, vijiji na miji. Wa kwanza kufikisha pointi 10 ameshinda.

Hapo kwenye "hata kama si zamu yao" ndipo nilipokamatwa mimi. Kwenye karata, zamu ikipita unaweza kwenda kugeuza ugali. Hapa mwenzako akishika dadu na wewe unakaza macho, maana anaweza kukulisha bila kupenda.

Halafu hakuna anayetolewa. Nimewahi kucheza ule mchezo wa kununua mitaa na kulipishana kodi. Mtu akifilisika saa mbili usiku anabaki kununa pembeni hadi saa nne, akisubiri matajiri wamalizane. Michezo mingi ya Wajerumani imekwepa hilo makusudi. Kijiji ulichojenga hakuna anayekibomoa, utashindwa ukiwa bado na kijiji chako na matumaini yako. Mzee mmoja wa Ujiji, mchezaji wa bao wa siku nyingi, alikuja kututembelea, akatazama kama nusu saa, akauliza: "Sasa hapa nani anakula nani?" Nikamwambia, hakuna anayekula mtu. Akachukua kofia yake. Simlaumu. Mtu aliyezoea kubeba kete za mwenzake mkononi na kuzitembeza kwenye mashimo yake 16 mpaka jirani akose pumzi, hapa ataona tunacheza michezo ya watoto.

Lakini kutokulana si upole, asije mtu akadanganyika. Chuma ninacho mimi, tofali analo shemeji, na hakuna anayevuna vyote vitano vya kumtosha. Benki inakubadilishia, ila inataka vinne vya aina moja ikupe kimoja, ulanguzi mtupu. Kwa hiyo unalazimika kupatana na watu walewale unaotaka kuwashinda. Sisi wa Kibirizi hiyo ndiyo kazi yetu kuanzia alfajiri. Mwenye mtumbwi anataka pesa kabla jua halijapanda, mimi nataka bei ishuke, na wote wawili tunajua kesho tutahitajiana tena.

Niwape usiku mmoja tu. Shemeji ana pointi 8 na amebakiza barabara moja aipate ile zawadi ya barabara ndefu, ambayo ni pointi 2. Barabara ni mbao moja na tofali moja. Mbao anayo. Tofali hana, na meza nzima inajua.

"Shemeji, nipe tofali, nikupe kondoo wawili," akaniomba kwenye zamu yake.

"Kondoo ninao wa kujaza zizi," nikamjibu. "Na tofali silitoi hata ungeniongeza mchungaji."

Binti naye akakataa. Zamu ikawa ya mama mkwe, ambaye naye alikuwa na pointi 8. Bibi huyu ameuza mawese miaka mingi, kusoma hakusoma, ila hesabu anaifanya kichwani wakati wewe bado unatafuta kalamu. Akamtazama mwanawe kwa huruma kabisa. "Mwanangu, tofali ninalo. Nipe chuma mbili." Binti akapiga kelele, bibi usimpe, atashinda! Shemeji alishasukuma chuma zake mbili mezani kabla kelele haijaisha. Bibi akazichukua, akaongeza moja yake na ngano mbili, akageuza kijiji kuwa mji: pointi 9. Tukapumua. Kisha akafunua kadi aliyokuwa ameilaza kifudifudi karibu na kikombe chake tangu chai ya kwanza. Pointi moja. Kumi.

"Tofali lako hilo hapo, mwanangu," akasema. "Jenga."

Kuhusu bahati: ipo, ila ina kanuni. Jirani yetu mwalimu wa hesabu alituchorea. Dadu mbili zina njia 36 za kuanguka. Saba inapatikana kwa njia 6, sita na nane kwa njia 5 kila moja, mbili na kumi na mbili njia moja moja tu. Mama mkwe alikuwa hajangoja mchoro wake. Alishaona kwamba namba nyekundu, yaani sita na nane, "zinaitika", akawa anajenga hapo kila mara. Saba haivunishi mtu. Ikianguka, mwenye kadi zaidi ya 7 anatupa nusu, na jambazi anahamishiwa kwenye kipande cha mtu, uvunaji hapo unasimama. Jambazi wetu ni betri kuukuu ya tochi na tunamwita mgambo, wafanyabiashara mtaelewa. Ile ya kutupa nusu haikuhitaji maelezo yoyote kwa muuza dagaa. Ukirundika bila kuuza, mvua inakukuta na mzigo bado uko kwenye kichanja.

Binti anasema aliyeutunga, Klaus Teuber, alikuwa fundi wa meno bandia, akibuni michezo nyumbani baada ya kazi. Huu ulitoka mwaka 1995, na mwaka huohuo ukapata Spiel des Jahres, tuzo ambayo Wajerumani wanaitoa tangu 1979 kwa mchezo bora wa mwaka. Teuber alifariki mwaka 2023. Najiuliza tu: Wajerumani walifikisha reli yao hapa Kigoma mwaka 1914, na ile meli yetu ya Liemba waliiunda Papenburg, wakaileta vipande vipande kwenye masanduku ije kuungwa hapahapa. Boksi dogo la kondoo likachelewa mpaka lije na mtumba.

Kasoro nayo ipo. Huwa kinanikera kisiwa kile kuwa kitupu, walowezi wanafika, hawamkuti mtu, wanajigawia. Nilimwambia binti kwamba huku kwetu hadithi ya kufika kwa wageni haikuwa hivyo, akasema mama, cheza. Kasoro nyingine ni wachezaji wanne tu, na nyumba yetu ina watu tisa. Kwa hiyo binti na kaka yake wakakata maboksi ya biskuti wakatengeneza seti ya pili, vijiji visoda, miji visoda viwili vilivyobebana. Ziwa lilipofunguliwa shemeji aliondoka nayo kwenye mfuko wa nailoni.

Siku hizi tunacheza zaidi wakati wa mbalamwezi. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawavutwi na taa, mitumbwi inalala, na wavuvi wanakuwa watu wa nyumbani kwa siku kadhaa. Kadi mbili za kondoo zilizopotea tulizichora wenyewe kwenye karatasi ngumu. Tatizo ni kwamba mgongo wake ni mweupe, na za wenzake zina rangi, hivyo ukizishika kila mtu anajua una kondoo. Wa kwanza kuligundua alikuwa mama mkwe. Alikaa na siri hiyo wiki tatu.

Msomaji wenu,
Mwanga, Kigoma