Chumba cha mabuibui

Wasichana wanaonijia wakitaka kujifunza kazi ya kuandaa sherehe huanza wote na swali moja: mapambo unanunua wapi? Wameona picha za jukwaa, wameona viti vya maharusi na taa zinazoning'inia, sasa wanataka kujua vitambaa vya kung'aa ni shilingi ngapi mita. Nawajibu, sina uchoyo. Nikishamaliza nawachukua mpaka nyuma ya ukumbi, kwenye kijichumba chenye pazia, nawaonyesha kamba mbili zilizofungwa ukuta hadi ukuta, zimejaa vibanio vya mbao vyenye namba. Riziki yangu inatoka hapa, nawaambia.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nimekulia Ngamiani, kwenye zile barabara zetu zinazoitwa kwa namba, na huu ni mwaka wa 12 nafanya kazi hii. Mikesha, kupaka hina, singo, kicheni pati, sendofu, walima, zote nimeshika. Nyingi ni shughuli za wanawake watupu. Asiyekulia pwani hawezi kuielewa shughuli ya wanawake watupu mpaka asimame mlangoni saa moja usiku. Wanashuka kwenye bajaji wawili watatu, weusi kuanzia utosini mpaka kisiginoni, huwajui isipokuwa kwa sauti na kwa marashi. Wanaingia ndani. Buibui linavuliwa, na chini yake kuna gauni la satini la kijani, mikufu mitatu, nywele zilizokaa saluni tangu adhuhuri, hina mpaka viwikoni. Asubuhi ulimwona darasani akifundisha, au kibarazani akiuza vitumbua. Usiku huu amekuja kuonekana na wanawake wenzake, basi, na ruhusa hiyo hakumpa mwingine. Amekuvulia buibui lake. Hiyo ni amana, na kila ninachokisema hapa chini kinatoka kwenye neno hilo.

Nilipoanza, mabuibui tulikuwa tunayarundika kitandani. Shughuli ya watu 80, mabuibui 80 meusi, mengi yameshonwa na fundi mmoja. Saa sita usiku watu wanataka kuondoka, bajaji zinapiga honi nje, na wanawake wamelichimbua rundo, wananusa kola moja baada ya nyingine wakitafuta harufu zao. Siku moja mgeni akaondoka na buibui la mwenzake, na mfukoni mwake mlikuwa na funguo za nyumba. Mwenye funguo alilala kwa jirani na watoto watatu. Kesho yake nilinunua vibanio 100, nikampa fundi cherehani vipande vya kitambaa cheupe anishonee namba jozi jozi. Kimoja kinabanwa pamoja na buibui, cha pili mgeni anakifunga kwenye mkono wa pochi yake.

Siku hizi naandaa chumba hicho kabla sijagusa jukwaa. Kiwe na kioo kirefu, mtu ajione mpaka viatu. Taa iwe nyeupe, maana ya njano inadanganya rangi ya poda. Sindano mbili ziwe zimeshatiwa uzi, mmoja mweusi, mmoja mweupe, kwa kuwa anayeshuka bajaji na gauni refu lazima kuna siku atakanyaga pindo. Pini za mtandio. Kanga safi mbili, za mama atakayenyonyesha. Mswala, ndoo ya maji na kata, kwa sababu yupo atakayetaka kuswali isha kabla hajakaa. Na mlangoni akae mtu mzima, umlipe sawa na unavyomlipa anayepamba jukwaa. Wangu ni shangazi yangu, anayewajua wanawake wa mji huu kwa mama zao.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe si mjukuu wa yule bibi wa Makorora? Miguu yake inaendeleaje?"

Mgeni akishaulizwa miguu ya bibi yake, ameshafika.

Mabuibui yakishatundikwa tunayafukiza, na hapa naomba mnisikilize vizuri kwa sababu wengi wanaharibu. Makaa yawashwe nje, yaachwe mpaka yavae jivu, ndipo yatiwe kwenye chetezo. Kaa likiwa bado linawaka, udi unaungua mara moja na nguo zinanuka jiko. Weka kipande kidogo, kama ukucha wa kidole gumba. Dirisha liwe wazi, maana moshi wa makaa kwenye chumba kilichofungwa unaua, na mwenzako amekaa humo. Chetezo kinapitishwa chini ya kamba taratibu, kinarudishwa, kinatolewa nje. Saa sita usiku mgeni akivaa buibui lake analikuta linanukia, anaondoka nalo hivyo mpaka kwake.

Vikuba, vile vishada vya maua vya kubana kifuani, navyo vina saa yake. Asumini ichumwe alasiri, vitumba vingali vimefumba, itungwe pamoja na rihani na vipande vya mkadi, ifunikwe kwa kitambaa kibichi. Asumini hufumbuka usiku. Kikuba kilichotungwa saa kumi kinafumbuka saa mbili, kikiwa kifuani pa mgeni. Ukinunua maua yaliyokwisha kufumbuka kwa kuwa yanapendeza kwenye sinia, utawagawia watu maua yaliyosinyaa.

Sasa niseme lililonifundisha kazi hii.

Miaka sita iliyopita, kwenye mkesha mmoja Chumbageni, mama mmoja alicheza. Ni mtu mpole, huwa anakaa pembeni anapiga makofi. Usiku ule ngoma ilimpata. Alicheza mpaka wenzake wakamzunguka, wakampigia vigelegele, wakamtunza pesa. Msaidizi wangu, binti niliyemleta mimi, akatoa simu akamrekodi. Hakuwa na nia mbaya. Alimtumia dada yake aliyeko Dar es Salaam aone shughuli ilivyonoga, na dada yake akaitia video kwenye kundi. Kufika Jumatatu imeshasafiri ikarudi Tanga, imeingia kwenye simu ya shemeji wa yule mama, ikafika kwa mumewe.

Nilikwenda na mama yangu kuomba radhi. Kwetu jambo kama lile huliendei peke yako. Tulivua viatu, tukakaa mkekani, mama akanisemea. Mwenyewe alitusikiliza mpaka mwisho, akatuletea maji, hakunigombeza. Alisema neno moja tu: "Nilikuwa kwako."

Ukumbi ule nilikuwa nimeukodi kwa usiku mmoja, lakini alisema kweli. Kadi alipewa na wenye harusi; buibui alinivulia mimi.

Tangu hapo habari ya simu ninaimaliza mapema. Usimwachie mshereheshaji aitangaze kwenye maiki katikati ya shughuli, watu watakuwa wameshapiga. Iandikwe kwenye kadi ya mwaliko, na mlangoni isemwe na mama wa bibi harusi au somo wake aliyemfunda, mtu ambaye kumkatalia ni kumvunjia heshima mbele za watu. Simu inaingia kwenye mfuko wa kitambaa wenye namba ile ile ya buibui. Mwenye mgonjwa au aliyeacha mtoto nyumbani anabaki na yake, anazungumzia nje. Mpiga picha awe mmoja, mwanamke, na kona ya picha iandaliwe kando na taa zake, ili anayetaka picha aende kwa miguu yake mwenyewe. Pale wanapocheza hapapigwi picha kabisa. Usiku ule ule, kabla mpiga picha hajalipwa, anamkabidhi mama wa bibi harusi kadi ya kamera mkononi. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na ni vizuri mwenye kazi hii aijue. Ila niliyekaa naye mkekani hakuwa anataka kesi. Alikuwa anataka lile jambo lisiwe limetokea, na hilo hakuna hakimu wa kumpa.

Msaidizi nilimbakiza. Watu walinishauri nimfukuze, nikaona kosa la kutomwambia ni langu.

Kuna amana ya maneno pia. Tanga ni mji wa taarab. Black Star na Lucky Star ni vikundi vilivyoanzia hapa, na Bi Shakila, aliyefariki mwaka 2016, alianzia kuimba huku kwetu kabla nchi nzima haijamjua. Kwa hiyo hapa wimbo watu wanausikiliza maneno, na kutunza kuna lugha yake. Mwanamke akiinuka na noti, akapita meza fulani polepole kabla hajafika kwa mwimbaji, ukumbi mzima umeshajua amesema nini na amemwambia nani. Nimeona kiti kikirushwa kwa sababu ya beti moja.

Hivyo wiki moja kabla ya shughuli nakaa na mama wa bibi harusi, tukiwa wawili tu, namwuliza pasipo kuzungukazunguka. Nani hasemeshani na nani? Mke mwenza anakuja? Kuna wifi mwenye kinyongo? Nikijua, meza zinapangwa kwa kujua. Mke mkubwa na mke mdogo nawaweka upande mmoja wa ukumbi, meza tatu katikati yao, ili wasitazamane uso kwa uso usiku mzima. Ukiwaweka pande mbili zinazoelekeana umewafanyia jukwaa. Orodha ya nyimbo naipitia na mwenye muziki, na zile za vijembe vikali zinasubiri mpaka wazee wameondoka. Ninayoambiwa pale hayatoki. Wasaidizi wangu wanaona meza imesogezwa, sababu hawaijui.

Fedha za michango nitazisema kwa ufupi kwa sababu hazina siri. Daftari moja, saini mbili, risiti za kila kitu, na chenji inarudi kwa kamati hata ikiwa ya ndimu. Niliwahi kurudisha shilingi 3,500, mweka hazina akacheka. Kamati ile ile imeniletea harusi nne.

Chakula pia mniruhusu nipite haraka, maana mpishi wako ndiye anayekijua. Hesabu yangu ni kilo moja ya mchele wa pilau kwa watu saba. Kadi 200 nanunua kilo 35, maana watoto hawana kadi na wanakuja na mama zao. Juisi ya machungwa ya Muheza haihitaji kusaidiwa na sukari, msiiharibu. Ninalolisimamia mwenyewe ni sahani za kwanza. Kabla ya meza kuu kupakuliwa, shangazi mlangoni, mlinzi, mwenye jenereta na wanaoosha vyombo wanatengewa chao, kikiwa na nyama. Kinachobaki mwisho ni cha wenye shughuli, na mfanyakazi wangu haondoki na mfuko mpaka apewe.

Na tarehe. Shaaban kila mtu anaoza kabla ya Ramadhani, na Mfungo Mosi, mwezi unaoifuata, wanaanza tena, kwa hiyo ukumbi na mpishi washikwe miezi kabla. Ukipewa shughuli ya wazi Raskazone, kando ya bahari, wakati wa upepo wa kusi, shona mchanga kwenye mapindo ya mapazia yote, vikombe viwili kila pazia, usiweke mshumaa hata mmoja. Kaskazi upepo unatulia lakini joto linayeyusha poda, na pale ndipo utakaposhukuru kuwa na kioo kirefu na mtu wa kumpangusa mgeni jasho.

Wapo wanaosema mwandaaji asipendeze, asije akaonekana anashindana na wenye sherehe. Sikubaliani nao. Asubuhi nakuja na dera na kanga kiunoni, nabeba viti kama wengine. Saa kumi na moja naoga, navaa gauni zuri kuliko yote niliyo nayo na dhahabu ya mama yangu, viatu vya chini kwa sababu nitasimama mpaka alfajiri. Rangi ya bibi harusi na rangi ya sare ya mama zake nimeshaziuliza mapema, sizigusi. Mwanamke aliyekaa saluni tangu adhuhuri, akipokelewa na mtu mwenye fulana iliyolowa jasho, atajiona amejisumbua bure. Nikimpokea nikiwa nimependeza, nikamwambia gauni lako limekukaa, ananiamini.

Yule mama wa Chumbageni alikaa karibu miaka minne haji kwenye shughuli yoyote niliyoishika. Tukikutana sokoni namwamkia, anaitikia, anaendelea na samaki wake. Mwaka juzi, kwenye hina ya binti wa jirani yake, alikuja. Shangazi alinyoosha mkono apokee buibui. Akasema, "Hapana, nitakaa nalo." Alikaa nalo usiku mzima, kwenye kiti cha karibu na mlango, akala, akazungumza na wenzake, simu yake akiwa ameishika mkononi. Hakuna aliyemwomba aiweke kwenye mfuko.

Kikuba nilimpelekea mwenyewe. Alikinusa. Akafungua vifungo viwili vya juu vya buibui, akakibana kwa ndani, kwenye gauni, akafunga tena.